Skafu Kiunoni, Kiti Kanisani

Kwanza niseme wazi kwamba kosa lilikuwa la pasi. Halikuwa langu, wala la mama, na wale watu wa kwetu wanaopenda kusema "huyo msichana alijitakia" waende wakazungumze na ile pasi ya makaa ya mwenye nyumba wangu wa Kitale, ambayo mlango wake ulikuwa haufungi vizuri. Niliiazima asubuhi moja ya Jumatatu, nimechelewa kazini, naipitisha haraka haraka juu ya gauni langu la buluu lenye maua meupe. Kaa moja likachungulia mlangoni, likaruka, likatua pale pale kiunoni pa gauni. Kabla sijalipiga kofi lilikuwa limeshakula. Likaniachia tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, na kandokando yake doa la rangi ya chai ya maziwa.

Ninyi mnaosoma haya mna makabati. Mimi wakati huo, miaka ile ya elfu mbili na kidogo, nilikuwa na magauni matatu na msumari. La buluu, la kahawia, na la kijani la kwendea kanisani. Ukiniondolea la buluu ninabaki na mawili, na mtu wa magauni mawili mjini Kitale watu wanamtumia kama kalenda. "Leo ni Jumanne, si unaona amevaa kahawia?" Nililia kidogo, nikaitukana pasi, nikamtukana aliyeitengeneza. Ndipo nikaiona skafu ya mama msumarini.

Ilikuwa skafu ya rangi ya machungwa yenye mistari ya manjano. Mama alinipa siku nilipotoka nyumbani Bungoma kuja kufanya kazi, ati nifunge kichwa kwa sababu ya baridi ya Kitale. Nikaikunja mara tatu kwa urefu, nikaizungusha kiunoni, nikapiga fundo ubavuni, juu ya lile tundu. Kisha nikapanda kitandani, maana kioo changu kilikuwa kidogo na kilining'inia juu. Ukitaka kuona kiuno ilikuwa lazima upande kitanda. Nikajiona. Mayi wee! Lile gauni lilikuwa jipya. Nilikuwa na kiuno! Miaka ishirini na minne naishi nacho na hakuna mtu aliyekuwa ameniambia.

Nilikuwa nauza kwenye duka la dawa za mifugo na mbegu. Mwenzangu wa kaunta, msichana wa mjini aliyejua mambo yote ya mavazi, aliniangalia kuanzia chini kwenda juu. "Niaje, umenunua dress mpya na hujaniambia?" Nikajifanya napanga chupa. Huo ulevi ulinianza siku hiyo. Kila nikipita kwenye mitumba nilikuwa siangalii tena magauni, naangalia skafu: ya zambarau, ya madoadoa, moja nyembamba ya kung'aa ambayo nadhani ilikuwa ya pazia. Gauni la kahawia na skafu ya madoadoa, hiyo ni Jumanne. Gauni la kahawia na skafu ya zambarau, hiyo ni Alhamisi, na hakuna mtu wa kuniambia ati ni gauni lile lile. Kalenda yao ikaharibika kabisa.

Utani haukukosa. Mzee mmoja kutoka Endebess, mteja wetu wa siku nyingi, aliniangalia tumbo akasema, "Binti, umejifunga kibwebwe, unaenda kulima shamba la nani?" Nikamwambia dawa ya kupe imepanda bei. Haikuwa imepanda. Mimi nina hasira za karibu, sifichi, na yule mzee alikaa nusu saa nzima akinibembeleza nishushe.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kwetu Bungoma, kule upande wa Bumula, mwanamke aliyejikaza kitambaa tumboni si mtu wa mtindo. Huyo ni mzazi, ametoka kujifungua. Mama wakubwa wakishamwogesha wanamfunga tumbo kwa leso, wanaivuta kwa nguvu huku mmoja amemwekea goti mgongoni, ili tumbo lirudi mahali pake lisibaki likining'inia. Anatembea hivyo kwa wiki kadhaa, polepole, na kila anayemwona anajua bila kuuliza. Mimi hilo nililijua tangu utoto. Niliwashikia wake za kaka zangu leso mwenyewe, upande wa kuvuta. Lakini akili ya mtu aliye Kitale huwa iko Kitale. Haikunijia hata siku moja.

Na mama yangu alikuwa na jambo lake. Kwa miaka mingi alikuwa makamu wa chama cha akina mama wa kanisa letu, kanisa dogo la mabati lenye kengele ya rimu ya gari. Makamu maana yake ni kupika chai. Sasa mwenyekiti wa zamani alikuwa amezeeka, ameomba kupumzika, na akina mama wamekubaliana kwamba mama ndiye atakayeketi. Nasema kuketi, na si mfano: kulikuwa na kiti, cha mbao, chenye mikono, kilichowekwa mbele kando ya mimbari, na mwenyekiti alikikalia kila Jumapili akiwatazama watu wote. Mama alikuwa ameshafuma kitambaa cha kukifunika, cheupe, chenye tausi wawili. Aliniandikia barua ya kurasa mbili kuhusu wale tausi. Kitu kimoja tu kingeweza kumharibia, na kila mtu alikijua: kiongozi ambaye binti yake amezaa nyumbani bila ndoa alihamishiwa benchi la nyuma. Haongozi sala, hapiki chai, anakaa pale nyuma karibu na mlango na wenzake wa namna hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yetu na hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha.

Basi, nikiwa na skafu yangu, nikapata na redio. Ilikuwa redio ya kaseti, ya mitumba, inakula betri nne kubwa, na ilikuwa na pepo. Unaizima, unalala, inajiwasha yenyewe na kupiga yowe jembamba la kukata masikio. Dawa yake ilikuwa kuipigapiga mgongoni taratibu, ukiipigapiga, inanyamaza. Siku moja nikaamua kuipeleka kwa fundi. Mvua ilikuwa inanyunya, kwa hiyo nikaifunga kwenye taulo, nikaikumbatia kifuani, nikaifunika juu kwa ncha ya taulo isilowe. Kiunoni nilikuwa na skafu ya machungwa. Miguuni nilikuwa na viatu vipya vya mitumba vilivyonipungukia namba moja, vikaninyima mwendo. Nilikuwa natembea kama mtu anayekanyaga mayai.

Pale karibu na soko nikasikia naitwa. Ng'ambo ya barabara alisimama jirani yetu wa nyumbani, mama mmoja wa kanisa, aliyekuwa anamfuata mama yangu kwa cheo. Alikuja Kitale kutafuta mbegu. Alitaka kuvuka. Lakini fundi alikuwa anafunga mapema, viatu vinaniua, na saa hiyo hiyo redio ikaanza yowe lake. Nikaipigapiga mgongoni, nikainamia taulo, nikamwambia jirani kwa mkono kwamba tutaonana, nikaenda zangu. Aliniita tena. Sikugeuka. Hebu niambieni, mngekuwa ninyi ni yule mama, mngeenda kusema nini nyumbani?

Siku chache baadaye mama akapiga simu dukani, kutoka simu ya kibanda pale Bumula. Hakusalimu. "Jumamosi nakuja na senge yako," akasema. Senge ni shangazi, dada mkubwa wa baba. "Usibebe maji. Usiiname. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Simu ikakatika. Nikamwambia mwenzangu wa kaunta kwamba mama yangu ameota ndoto mbaya, tukarudi kwenye kazi.

Jumamosi mchana wakaingia kwenye ploti kwa baiskeli mbili za bodaboda. Ya kwanza ilikuwa na mama, kuku mapajani. Ya pili ilikuwa na senge na gunia, na yule kijana wa baiskeli alikuwa analowa jasho mpaka viatu, maana senge peke yake alikuwa mzigo wa kutosha. Senge aliteremka, akavuta pumzi, akapiga kigelegele kimoja kikali. Wapangaji wote wakatoka milangoni. Mama akamvuta mkono. "Nyamaza, bana, hatujui kama watu wa hapa wanajua!"

"Wanajua nini?" nikauliza.

Mama alikuwa ananiangalia tumboni. Siku hiyo nilikuwa nimevaa la buluu, na skafu ya machungwa juu ya tundu. Akanikumbatia polepole, kwa upande, kama vile nitavunjika. "Na umesimama kwa nini wewe? Keti." Akaniketisha kitandani, akanitilia mto mgongoni, akanifunika miguu kwa leso. Senge akafungua gunia: unga wa wimbi, ndizi, njugu, sukari, sabuni ya kipande, na leso kuukuu iliyooshwa mpaka ikawa laini. Akawasha jiko langu bila kuniomba kiberiti, akaanza kukoroga uji.

Mngetaka nikatae? Nilidhani wamesikia nimeumwa malaria. Mtu anayekuletea uji wa wimbi mpaka Kitale humhoji, unakunywa. Nilikunywa vikombe viwili, nikala ndizi tatu, mama akinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuiona tena mpaka leo. Akaniambia, kwa sauti ya chini, "Kunywa, maziwa yatakuja." Nikaona sawa, hata maziwa wameleta.

Kisha senge akaliona lile taulo. Redio ilikuwa imerudi kutoka kwa fundi na nilikuwa sijaifungua. Ilikuwa imelala pale kwenye kona ya kitanda, karibu na mto, imefunikwa vizuri. Senge akafuta mikono kwenye gauni. Akainama. Akaichukua kwa mikono miwili, mkono mmoja chini, mmoja nyuma ya kile alichodhani ni shingo. "Mzito huyu!" akamwambia mama, machozi yakimlengalenga. "Woi, mzito kama marehemu baba yake huyu." Maana yake baba yangu. Akafunua ncha ya taulo taratibu, kwa kidole kimoja.

Akafunua zaidi.

"Ana kioo usoni," akasema.

Na redio ikapiga yowe. Fundi yule alikuwa mwongo, hakuwa ametengeneza chochote. Senge aliirusha kitandani akatokea mlangoni na kujikuta katikati ya ploti, kuku naye akamfuata, na mama akabaki amesimama, mikono kichwani, akiita jina la Bwana. Mimi nikaipigapiga redio mgongoni. Ikanyamaza. Ndipo nikaelewa: ule mto, ule uji, ile leso kuukuu, usibebe maji, usiiname. Damu ikanipanda.

"Mmefikiri nimezaa?" Nilisema kwa sauti ambayo watu wa Endebess waliisikia. "Mimi? Mmekuja kuona mtoto? Mmemtoa wapi huyo mtoto, nyinyi watu?"

"Usinipigie kelele," mama akasema. "Fungua hicho kitambaa."

Nikakifungua kwa hasira. Skafu ikaanguka. Mama akaliona lile tundu. Akavaa miwani yake, akainama, akaingiza kidole kwenye tundu mpaka kikanigusa tumbo, tumbo lenyewe la mtu anayekula mara mbili kwa siku. Akalibonyeza kama anavyobonyeza parachichi sokoni.

"Pasi?" akauliza.

"Pasi."

"Na ukafunga kitambaa ili kuficha?"

"Na ili nipendeze," nikasema, maana ukweli ni ukweli.

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Senge akarudi na kuku kwapani, akaelezwa, akacheka mpaka kuku akapata nafasi ya kutoroka mara ya pili. Alipopata pumzi akafuta macho, akasema kwa sauti ya kanisani, "Basi, wahenga walisema. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja." Nilitaka kumwambia afunge mdomo. Lakini senge haambiwi hivyo. Ndiye atakayesimama siku ya mahari yako, na ana kumbukumbu ndefu. Nikauma ulimi.

Kicheko cha mama ndicho kilichokwisha kwanza. Kilikatika ghafla, akaangalia mikono yake.

"Na kiti?" senge akauliza.

Hapo ndipo nilipojua. Jirani alirudi nyumbani akasema alichokiona: tumbo limefungwa, mwendo wa mzazi, mtoto kwenye taulo, na kwamba alimsikia kwa masikio yake akilia. Mama hakungoja kuitwa na mtu. Alhamisi, kwenye mkutano wa akina mama, alisimama mwenyewe akasema: binti yangu amejifungua, hajaolewa, kiti nakiacha, naomba ruhusa niende nikamwone mtoto wetu. Wakakubali. Kiti wakampa aliyefuata, yaani yule yule jirani. Na kitambaa cha tausi mama alikuwa ameshakitandika.

"Mama!" nikasema. "Kwa nini hukuniuliza kwanza? Si ulinipigia simu?"

"Nikuulize nini? Ukisema ndiyo, ningekuja. Ukisema hapana, ningesema unanificha, na ningekuja." Akaokota skafu yake sakafuni, akaikunja vizuri. "Nilikuwa naona tu uko huku peke yako, na mtoto mchanga kwenye mvua, na huniambii kwa sababu ya kiti. Nikasema hicho kiti ni mbao."

Nililia, nasema wazi. Nililia kuliko nilivyolilia gauni. Miaka yote ile ya kupika chai, na alikuwa amekitupa kwa siku moja, kwa ajili ya mjukuu mwenye betri nne. Kuku hatukumrudisha Bungoma, kwa sababu kuku wa mzazi hafungwi safari mara mbili; tulimla usiku huo na senge alinipa paja, ati nimeteseka.

Lakini nilisema nina hasira. Kesho yake ilikuwa Jumapili, na alfajiri nilikuwa nimeshavaa. Mama aliniambia niache, mambo yameisha. Nikamwambia hayajaisha. Nilivaa lile lile la buluu, nikafunga skafu ile ile kiunoni, nikaibeba redio kwenye taulo lile lile. Tulipanda matatu ya kwanza, tukafika kanisani kwetu Bumula nyimbo zimeanza. Mama akaenda kukaa benchi la nyuma. Pale palikuwa na akina mama watatu. Mmoja wao alikuwa amekaa hapo tangu binti yake azae, na yule mtoto sasa alikuwa anasoma darasa la kwanza. Wakasogea wakampa nafasi, wakimpapasa mkono. Mbele, kwenye kiti, juu ya tausi wa mama, aliketi jirani. Aliketi kwenye ukingo kabisa, kama mtu anayeogopa kuvunja yai, hilo nampa.

Wakati wa matangazo ulipofika, nikasimama kabla mzee wa kanisa hajauliza kama kuna mgeni. Nikatembea mpaka mbele na mzigo wangu. Kanisa zima likaniangalia kiuno, kisha likaangalia taulo. Mama mmoja akanong'ona, "Ni mdogo jamani." Nikasema, "Habari zenu. Nimesikia nimejifungua. Nimemleta mumwone." Nikafungua taulo, nikainua redio juu kwa mikono miwili ili hata wa nyuma waone.

Kisha mtu mmoja upande wa wanaume akapasuka kwa kicheko, na kanisa likaenda. Watu walicheka mpaka mabati yakaitikia. Nikawaeleza pasi, tundu, skafu, viatu vya namba ndogo. Nikafungua fundo nikawaonyesha tundu. Jirani alikuwa amesimama, mkono mdomoni. "Lakini nilimsikia akilia!" akasema, na kusema kweli hakuwa na ubaya, alikuwa anakaribia kulia mwenyewe. Nikaiwasha redio. Ikapiga yowe. "Huyo!" jirani akapiga kelele. "Ni huyo huyo!"

Waliponyamaza, jirani akashuka pale mbele. "Mama, njoo," akaita. "Njoo ukae kiti chako. Mimi nisamehewe." Mzee wa kanisa akatikisa kichwa kukubali. Watu wakapiga makofi. Mama akatoka benchi la nyuma, akapita katikati, na mimi nikasimama pale mbele nimeshikilia redio yangu nikijiona mtu aliyeshinda kesi.

Mama alifika mbele, lakini hakuketi. Akaweka mkono kwenye mkono wa kiti.

"Nashukuru," akasema. "Hata mimi nilikuwa nakitaka, Mungu anajua. Lakini nataka kuuliza. Mnanirudishia kiti kwa sababu mtoto hayupo, si ndiyo? Sasa wale pale nyuma, ambao watoto wao wapo, tunawaambia nini?"

Redio ikaanza tena, na nilikuwa nimesahau hata namna ya kuipigapiga.

"Zima hiyo kitu," mama akaniambia. Kisha akarudi nyuma, akakaa pale pale alipotoka, kati ya wale watatu, na yule wa miaka mingi akajifunika uso kwa leso yake.

Nilimkasirikia mama kwa mwezi mzima. Nilimwona ametupa kiti mara mbili kwa wiki moja, na mara ya pili bila hata mtoto. Sikuelewa, na sijifanyi kwamba nilielewa. Nilichosikia kule Kitale ni kwamba walibishana sana, mzee wa kanisa akaitwa, jirani naye akakataa kukalia kile kiti hata dakika moja, kikawa kinakaliwa na tausi peke yao Jumapili baada ya Jumapili. Mwishowe benchi la nyuma likatolewa na kupelekwa jikoni, na mpaka leo linakaliwa na masufuria. Uchaguzi uliofuata mama akapigiwa kura na wote. Na kitu kingine nilichosikia, ambacho sikukiamini mpaka nikaenda kuona mwenyewe: akina mama vijana wa kanisa walikuwa wameanza kufunga skafu kiunoni. Mama mwenye duka pale Bumula alikuwa anazitundika mlangoni.

Miaka kama mitatu baadaye, nikiwa bado Kitale, bado bila pete, nilijifungua. Baba wa mtoto ni habari nyingine na haichekeshi. Nilikuwa nimeficha mpaka mwisho. Nilikuwa naogopa, si kutukanwa, mama hatukani. Niliogopa kile kiti. Siku ya pili nikampigia, wakati huo alikuwa na simu yake, nikaanza kuzunguka, nikasema, mama, kuna jambo, na chama, na watu watasema nini.

"Mvulana au msichana?" akauliza.

"Msichana."

"Usibebe maji," akasema, akakata.

Walifika kesho yake, yeye na senge na kuku. Senge alisimama mlangoni, mikono kiunoni, amefurahi kupita kiasi. "Si nilisema laja?" Safari hii hakuzuiwa; alipiga vigelegele mpaka akachoka. Mama alikuwa bado mwenyekiti. Jumapili ile angeketi kwenye tausi wake kama kawaida, na hakuna aliyemwambia ainuke. Nani angemwambia? Alikuwa ameshawauliza swali lile, na walikuwa wameshalijibu.

Aliniogesha, akatoa ile leso kuukuu, akaniwekea goti mgongoni, akavuta mpaka nikaona nyota mchana. Alipomaliza kufunga akaangalia msumarini, akaiona skafu yake ya machungwa, imepauka sasa. Akaichukua, akaikunja mara tatu kwa urefu, akanifunga juu ya leso, fundo ubavuni. Akarudi nyuma hatua moja kunitazama.

"Ili upendeze," akasema.

Kisha akainama kitandani, akamwinua mtoto kutoka kwenye taulo, mkono mmoja chini, mmoja nyuma ya shingo. Akamfunua polepole, akamgeuza, akamkagua mgongo wote, huku mtoto akipiga yowe moja jembamba la kukata masikio. Mama akampigapiga mgongoni mpaka akanyamaza.

"Huyu ni wetu," akamwambia senge. "Hana mahali pa betri."